Senene kwenye taa ya nje: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: “Huyo ni nzige.”
Tazama vipapasio kwanza. Vya nzige na panzi wa kawaida ni vifupi na vinene. Vya senene (Ruspolia differens) ni vyembamba kama uzi, na hupita urefu wa mwili wake. Kichwa kimechongoka mbele, mabawa ni membamba na huvuka ncha ya tumbo. Ukikuta mabawa mapana yenye mishipa ya jani, huyo si senene, ila ni wa ukoo mmoja naye. Wadogo wasio na mabawa wasikuchanganye, vipapasio vyao ni virefu vilevile.

Dhana: Wa kijani na wa kahawia ni aina mbili.
Ni aina moja. Wapo hata wenye zambarau.

Dhana: Upanga wa nyuma ni mwiba wa sumu.
Ni mrija wa kutagia mayai, na anao jike tu. Senene hana sumu. Anachoweza ni kung’ata, na anang’ata kweli, hata tone la damu likatoka. Malengelenge ya asubuhi baada ya kukaa chini ya taa mara nyingi ni kazi ya nairobi flai, mbawakavu mdogo mwekundu na mweusi, akipondwa kwenye ngozi.

Dhana: Hulia kwa kusugua miguu.
Hao ni panzi. Dume la senene huinua kidogo mabawa ya mbele na kuyasugua. La kushoto hulala juu, na upande wake wa chini una mstari wa vimeno. Ukingo wa bawa la kulia ndio unaovikwaruza. Kwa nyenje ni kinyume, la kulia ndilo hukaa juu. Sauti ya senene ni mvumo mmoja mrefu. Masikio nayo yako kwenye miguu ya mbele: kuza picha ya simu utaona mianya myembamba chini tu ya goti.

Dhana: Huanguka na mvua.
Mvua hustawisha nyasi, na senene hupenda masuke yake. Huruka usiku na kuvutwa na mwanga. Wategaji wa Bukoba na Masaka hulijua hilo: huwasha taa kali juu ya mabati yaliyoinamishwa, senene wakateleza hadi kwenye mapipa.

Dhana: Mshike mguu wa nyuma, mfungie chupani.
Mguu utakubakia mkononi, na mkubwa haoti mwingine kwa sababu hajivui gamba tena. Mfunike kwa glasi, kisha pitisha karatasi ngumu chini yake. Mhamishie kwenye ndoo angavu ya lita 5, mdomo ufungwe kwa kipande cha chandarua. Weka nyasi zenye masuke mabichi ndani ya kichupa cha maji, uzibe mdomo wa kichupa kwa pamba asizame. Nyunyizia maji kidogo jioni. Matone yakibaki ukutani mwa ndoo hadi asubuhi, hewa haitoshi na ukungu utafuata. Usichanganye wakubwa na wadogo: wakibanana au wakikosa chakula hulana, na anayeanza kuliwa ni yule aliyetoka kujivua gamba, angali laini. Baada ya usiku mmoja au miwili mwachie jioni kwenye nyasi, mbali na taa, maana mijusi na vyura huvizia hapo.

Dhana: Yeyote aliyetua ukutani analika.
Ukuta uliopuliziwa dawa ya wadudu, usiokote hapo senene wa kukaanga.