Herufi Sawa, Maana Mbali: Dhana Potofu Kuhusu Maneno ya Kiingereza

Kwenye madarasa ya tuisheni ya Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, kuna mbinu inayopendwa kuliko kamusi: ukikutana na neno la Kiingereza usilolijua, tafuta ndani yake herufi za neno unalolijua, maana utaikisia. Si mbinu ya kutupa. Shida ni kwamba wengi wameigeuza kanuni, na kanuni hiyo ikitoka darasani ikafika shambani inaweza kumgharimu mtu msimu mzima.

Dhana: dawa yoyote inayoishia na "cide" ni ya kuua wadudu.

"Cide" inakwambia tu kwamba kuna kitakachokufa. Kitakachokufa ni kipi, hilo limeandikwa mwanzoni mwa neno. "Insecticide" huua wadudu. "Fungicide" huua ukungu, na ndiyo anayoihitaji mkulima wa viazi kule Uporoto mvua zikikolea na bakajani ikianza kuonekana. "Herbicide" huua mimea. Sasa mwenye viazi akibeba dukani "herbicide" yenye "glyphosate" akidhani anakwenda kukinga ukungu, dawa haitamuuliza lipi ni gugu na kipi ni kiazi. Hiyo haichagui, huua karibu kila jani bichi inaloligusa. "Pesticide" ndilo jina la jumla, linafunika zote tatu, kwa hiyo muuzaji akikujibu "hii ni pesticide" bado hajakujibu. Soma mwanzo wa neno, na kama lebo ina Kiswahili, anza na Kiswahili.

Herufi hizo asili yake ni kitenzi cha Kilatini "caedere", kukata au kuua. Humo ndimo lilimotoka pia "decide", kuamua, ambalo wanafunzi wengi wangeapa kuwa halina undugu na sumu. Undugu upo: Warumi nao walikata shauri kama sisi. Ila usikimbilie "coincide". Hilo limetokana na "cadere", kuanguka, na hutumika mambo mawili yanapotokea pamoja, kama vile Nanenane inapoangukia Jumapili. Mwisho wa neno ni uleule, ukoo mwingine kabisa.

Dhana: "in" mwanzoni mwa neno ni "si".

"Invisible" haionekani, "incorrect" si sahihi. Hapo hakuna ugomvi. Lakini simama Mbalizi kando ya barabara ya Tanzam malori ya mafuta yakielekea Tunduma. Ukiona tenki moja limeandikwa "flammable" na jingine "inflammable", jua yote mawili yanasema jambo moja: mzigo huu unashika moto upesi. "In" ya hapa imo ndani ya kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, wala haikanushi chochote. Mkanganyiko huu ndio uliowafanya watu wa kinga ya moto Marekani, tangu miaka ya 1920, kuhimiza "flammable" itumike kwenye alama. Kisichoshika moto huitwa "non-flammable". Kwa maoni yangu, hili ndilo neno la kwanza ambalo shule zilizo kando ya barabara hii zingepaswa kufundisha, kabla ya shairi lolote.

"Invaluable" lina mtego wa aina yake. Halimaanishi "kisicho na thamani". Ni kitu cha thamani isiyokadirika. Likiwa kwenye barua ya shukrani, mpokeaji amesifiwa.

Dhana: "er" mwishoni ni mtenda kazi.

"Teacher" anafundisha, "farmer" analima, basi mwanafunzi anaandika "my mother is a good cooker" na kumwita mama yake jiko zuri. Mpishi ni "cook", bila nyongeza. Najua wapo watakaojitetea kwamba hata Kiswahili humwita mke jiko, lakini huo ni utani wetu wenyewe, mtahini hatauhesabia alama. Na wala tusiwacheke Waingereza: kwetu pia mkulima analima, ilhali mlima haulimi.

Kwa wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe, "avocado" na "advocate" yanakaribiana kiasi cha kutia shaka. Tunda jina lake ni la Kinahuatl, lugha ya Meksiko: "ahuacatl". Wahispania wakalikunja mpaka likafanana na neno lao la zamani la wakili. Kwa hiyo mfanano ni wa kweli, ila ulitengenezwa na masikio ya watu, si na maana.

Je, herufi zinazofanana hazisaidii kamwe? Husaidia. "Glow", "gleam", "glitter" na "glisten" yote yanahusu kung'aa. "Sneeze", "sniff", "snore" na "snout" yote yako puani. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alibuni mwaka 1930 istilahi ya kutajia makundi ya sauti ya namna hii. Lakini hata yeye hakuyafanya sheria, kwani "snake" ni nyoka, "glue" ni gundi, na "glove" anayoivaa mtu wa Kitulo asubuhi ya Juni haing'ai, inamkinga baridi tu.