Hofu ya daktari wa meno: hipnosisi inaweza kusaidia?

Nina miaka 40, lakini nikisikia tu mlio wa mashine ya kuchonga jino natetemeka. Huu si utoto?

Si utoto hata kidogo. Hofu hii inawapata watu wazima wenye akili timamu, wakiwamo wanaopanda nguzo za umeme na wanaoendesha malori usiku kucha. Mara nyingi ina chanzo chake: jino lililong'olewa ukiwa mdogo kabla ganzi haijashika, dada aliyerudi hospitali akilia, au mzazi aliyezoea kutisha, "Ukisumbua nitakupeleka ukachomwe sindano." Mwili ulijifunza kuogopa, na mpaka leo unakumbuka hata kama wewe mwenyewe umesahau.

Hofu hiyo inapimika. Lipo dodoso linalotumika nchi nyingi lenye maswali 5 tu: ungejisikiaje kama miadi ni kesho, ukiwa umekaa unasubiri, ukichongwa jino, ukisafishwa meno, ukichomwa sindano ya ganzi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Anayefikisha 19 au zaidi kati ya 25 anahesabiwa kuwa na hofu kali, inayostahili kutibiwa kama tatizo lingine lolote la afya.

Lakini si nivumilie tu? Jino likiuma nanunua dawa ya maumivu.

Nakuomba usome jibu hili taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoumia zaidi.

Tundu dogo likiwahiwa linazibwa kwa muda mfupi, pengine bila hata sindano. Mwenye hofu haendi. Anasukutua kwa maji ya chumvi, anaweka karafuu, anameza vidonge, maumivu yanatulia, naye anaamini amepona. Miezi inapita, uozo unafika kwenye mshipa wa jino, usaha unakusanyika. Siku anapopelekwa na ndugu zake, shavu limeshavimba. Na sehemu yenye uvimbe na usaha huwa na tindikali nyingi, hivyo dawa ya ganzi haifanyi kazi yake sawasawa. Ganzi haishiki vizuri, anaumia kweli, anarudi nyumbani akisema, "Si niliwaambia?" Safari ijayo atachelewa zaidi ya hii. Hofu imemletea maumivu, na maumivu yameikuza hofu. Ukimlaumu mtu wa namna hii unamwongezea mzigo. Anachohitaji ni kusaidiwa kutoka kwenye mzunguko huo.

Hipnosisi ni nini? Ni yale mazingaombwe ya jukwaani?

Hapana. Umewahi kupitiliza kituo chako kwenye daladala kwa sababu mawazo yalikuwa mbali, ingawa macho yalikuwa wazi? Akili ilikuwa imezama kwenye jambo moja, na kelele za konda zikawa kama hazipo. Hipnosisi ni hali inayokaribiana na hiyo, ila inaletwa kwa makusudi na kwa msaada wa mtaalamu. Jina lake lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Jina hilo linapotosha, kwa sababu mtu halali. Anasikia, anaweza kujibu, na anaweza kufungua macho na kuinuka wakati wowote.

Ndiyo maana pia haiwezekani "kubaki huko". Mtaalamu akitoka chumbani, utazinduka mwenyewe au utasinzia kidogo kisha uamke. Wala hutatoa siri usizotaka kuzitoa.

Kuna pepo au uganga ndani yake?

Hakuna kafara, dawa ya kunusa wala kuita chochote. Ni maneno, pumzi na umakini wako. Kama moyo wako bado una wasiwasi, mwambie mtaalamu akueleze kila hatua kabla ya kuanza, na ukitaka ndugu yako akae chumbani, omba hivyo. Tiba hii haifanyi kazi kwa mtu asiyeridhia.

Inafanyikaje?

Huanza kwa mazungumzo, na mazungumzo haya ni nusu ya tiba. Unaogopa nini hasa? Sindano? Mlio? Kichefuchefu kifaa kikigusa nyuma ya ulimi? Au kulala chali mdomo wazi huku huwezi kusema "subiri"? Kila hofu ina njia yake.

Kisha unaketi, unapumua polepole, unalegeza misuli kuanzia usoni hadi miguuni. Mtaalamu anakuongoza uwaze mahali unapotulia: ufukweni maji yakikupwa, au barazani kwa bibi jioni. Ukiwa umetulia, anakupitisha kimawazo katika safari nzima: unaingia mlangoni, unaketi kwenye kiti, unasikia mashine, na mwili unabaki umelegea. Wengi hufundishwa pia ishara ndogo, kama kubana kidole gumba na cha shahada, inayounganishwa na utulivu ule. Siku ya matibabu unabana vidole, na mwili unakumbuka. Unahitaji kufanya mazoezi nyumbani. Kikao kimoja bila mazoezi huisha nguvu haraka.

Basi sitachomwa ganzi?

Utachomwa, na uikubali. Katika miaka hiyohiyo ya 1840 daktari James Esdaile aliwapasua wagonjwa huko Bengal, India, kwa mbinu ya kuwatuliza iliyotangulia hipnosisi, lakini wakati ule hakuwa na ganzi ya kisasa. Sisi tunayo. Hipnosisi inakusaidia ukubali sindano na ukae kwa utulivu.

Ushahidi wake ukoje?

Kwa watu wazima, tafiti kadhaa zimeonyesha wasiwasi ukipungua, ila nyingi ni ndogo. Kwa watoto, mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikuta tafiti 3 tu zilizofaa, hazikutosha kutoa hukumu. Tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mwenendo, ambapo mtu anaizoea hofu hatua kwa hatua, ina ushahidi mzito zaidi. Ningekuwa na nafasi ya kuchagua, ningeanza na hiyo na kuiongezea hipnosisi.

Mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti au aone yasiyokuwapo asiitumie bila daktari wake. Mwenye kifafa aseme mapema.

Ninakoishi hakuna mtaalamu wa hivyo. Nifanyeje?

Ni kweli, wako wachache. Uliza kwa mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa, na umkwepe anayekuahidi kuponya kila kitu kwa kikao kimoja. Wakati huohuo, mweleze daktari wa meno hofu yako kabla hujaketi. Kubalianeni ishara: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama papo hapo. Omba miadi ya asubuhi, usishinde ukisubiri huku ukiwaza. Safari ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6.

Shavu langu limevimba tayari. Nianze na hipnosisi kwanza?

Hapana, nenda leo. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukishindwa kumeza au kufungua mdomo, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, kwa kuwa maambukizi ya jino yanaweza kuziba njia ya hewa. Fika mapokezi useme mambo mawili: "Nimevimba, na ninaogopa sana." Yote mawili ni ya kutibiwa.