Umeme Umeunguza NAS: Dhana Potofu Zinazopoteza Data

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na NAS, yaani boksi la diski linalohifadhi data kupitia mtandao, iliyobeba picha za wateja au hesabu za ofisi haiwaki tena. Data nyingi hazipotei wakati huo. Hupotea saa chache baadaye, mikononi mwa watu wenye haraka, na hilo linaniuma kwa sababu linaepukika.

"Haiwaki, basi data zimeungua." Data katika diski ngumu zimeandikwa kwa sumaku juu ya visahani vilivyo ndani, na umeme uliozidi hauvifuti. Unaunguza vifaa vya njiani: adapta, bodi ya NAS, au bodi ndogo iliyo chini ya diski. NAS nyingi ndogo hutumia adapta ya nje ya volti 12, na huenda hiyo ndiyo pekee iliyokufa. Ipime kwa multimita. Ukitafuta nyingine, volti ziwe zilezile, ampea zisipungue, chanya na hasi zikae vilevile, kisha uijaribu kwanza diski zikiwa nje.

Hata diski isiyozunguka kabisa bado ina matumaini. Bodi nyingi za diski za inchi 3.5 zina diodi za kinga kwenye njia ya volti 5 na ya volti 12. Umeme ukizidi, diodi hupiga shoti yenyewe ili kuzuia madhara yasiende mbele. Fundi anayeijua kazi huondoa iliyoungua, na diski ikizunguka, anainakili mara moja, kwa kuwa sasa haina kinga.

"Nunua diski ya aina ileile, hamisha bodi." Kwa diski za zamani sana, ushauri huu ulifanya kazi. Diski za sasa huhifadhi kwenye bodi vipimo vya vichwa vyake vya kusomea data, vilivyowekwa kiwandani, mara nyingi katika chipu ndogo ya miguu minane. Bodi ngeni isiyo na vipimo hivyo haitaisoma diski yako. Lazima chipu ihamishwe pia. Na kama umeme ulifika hadi kwenye kichipu kinachokuza ishara za vichwa, ndani kabisa, bodi mpya haisaidii. Hapo inahitajika maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue mezani kwako.

Kuiweka diski kwenye friza? Hapana. Unyevu utaganda juu ya visahani.

"Nina RAID, kwa hiyo nina bekapu." Hii ndiyo dhana iliyoliza watu wengi. RAID ni mpango wa kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja; aina yake ya RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja, lakini diski zote ndani ya boksi hula umeme wa chanzo kimoja, na kishindo kimoja kinaweza kuzipiga zote. Bekapu ni nakala iliyo kwenye kifaa kingine, tena mahali pengine.

"Kompyuta inasema nifomati, basi diski ni tupu." Si tupu. NAS nyingi, zikiwemo za kampuni ya Synology, zinaendeshwa na Linux na kutumia mfumo wa faili wa ext4 au Btrfs, ambao Windows haiusomi yenyewe. Ukikubali kufomati, umeharibu kile ambacho umeme ulikiacha. Kataa pia NAS mpya ikikutaka kuanza upya na kufuta diski. Andika namba kwenye kila diski kulingana na nafasi yake, nakili kila moja kwa programu kama ddrescue, kisha uziunganishe nakala hizo kwenye kompyuta ya Linux kwa hali ya kusoma tu. Kama ulizifunga data kwa usimbaji, tafuta ufunguo sasa; bila huo, hata fundi bingwa atakwama.

SSD, diski isiyo na visahani inayohifadhi data kwenye chipu, ni habari nyingine. Chipu yake kuu ikiungua, kuzisoma chipu za kumbukumbu peke yake mara nyingi hakufui dafu, kwani nyingi husimba data zenyewe.

"Nina friji gadi, radi haitanifikia." Swichi ya friji gadi huchelewa mno mbele ya kishindo cha radi, kinachopita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Tena radi hupita hata kwenye kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya paani, njia ambayo kinga ya soketi haiioni. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa umeme na kebo ya mtandao pia.