Uboreshaji endelevu katika atelie za Lubumbashi: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Kaizen, yaani uboreshaji endelevu wa kazi hatua kwa hatua, ni ya viwanda vikubwa vyenye mashine mpya.

Nenda kwa mafundi wa vyuma wa Katuba au Kampemba, mitaa ya Lubumbashi. Bomba la mraba huuzwa likiwa na urefu wa mita 6. Oda inataka vipande vinne vya mita 2.1 na viwili vya mita 1.7. Fundi mwenye haraka anamaliza mabomba mawili kwa vile virefu, vipande viwili vya mita 1.8 vinatupwa konani, kisha anaanza bomba la tatu. Akiandika vipimo kwa chaki kabla ya kuwasha diski, mawili yanatosha: 2.1 na 2.1 na 1.7 ni mita 5.9. Mteja amelipa bei ileile, na atelie imebaki na bomba zima.

Dhana: Ni ujanja wa kupunguza wafanyakazi.

Hofu hii ina mizizi. Mji huu haujasahau zaidi ya watu 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kuanzia 2003 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Lakini Toyota yenyewe, kampuni ya magari ya Japani inayojulikana zaidi kwa kaizen, ilionja uchungu huo: mwaka 1950 ilikaribia kufilisika, ikapunguza watu, mgomo ukazuka, na Kiichiro Toyoda akajiuzulu urais wa kampuni. Baadaye kampuni iliujenga mfumo wake juu ya ajira ya kudumu. Ni jambo la akili tu: nani atamwonyesha patroni njia ya kumaliza kazi mapema ikiwa malipo yake ni kufukuzwa? Patroni asiye tayari kuahidi kwamba hatamfukuza mtu kwa sababu hiyo, na kuwagawia mafundi sehemu ya kilichookolewa, afadhali asianze kabisa.

Dhana: Kusimamisha kazi kwa sababu ya kosa dogo ni hasara.

Mashine ya kufuma ya Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, ya mwaka 1924 ilisimama yenyewe uzi ukikatika, ndiyo maana mtu mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi. Mlango uliopinda ukigunduliwa baada ya rangi, unalipia upya diski, vijiti vya kuchomelea na siku nzima ya fundi.

Dhana: Umeme ukiwepo, tengeneza mengi uwezavyo.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyejenga mfumo wake wa uzalishaji, aliona uzalishaji kupita mahitaji kuwa upotevu mbaya kuliko wote, kwa kuwa huficha upotevu mwingine. Kwetu, ambako umeme hukatika, akiba ndogo ya vipande vilivyokatwa ina maana. Mageti yasiyo na mteja, yanayoshika kutu msimu wa mvua, ni mtaji uliofungwa wakati mafundi wanadai mshahara.