Kompresheni Imeshuka? Injini Haijafa
Gereji nyingi za Changamwe, Mombasa, gari la kilomita 250,000 likisoma kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ya chini kidogo, mwenye gari huambiwa injini imekwisha. Si lazima. Silinda zikisoma PSI (kipimo cha shinikizo) 140, 138, 142 na 137, zimechakaa sawasawa, endesha tu. Cha kuogopesha ni tofauti: 145, 140, 95, 142. Ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu.

Pima injini ikiwa moto, plagi zote nje, petroli na umeme wa plagi vimekatwa, akselereta imekanyagwa mpaka chini. Betri dhaifu huzungusha injini polepole na kushusha namba zote (ukaishia kununua ringi, yaani pete za pistoni, usizozihitaji). Silinda dhaifu itie kijiko cha chai cha oili, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimelika. Isipopanda, shuku valvu, au gasketi ya silinda hedi kama silinda mbili jirani zimeshuka pamoja.