Chikungunya ya Lamu na hesabu ya pipa la maji

Mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, iliyowakaza watu viungo hata kuinuka ikawa kazi. Kilele kilikuwa Julai. Damu ya baadhi ya wakazi wa kisiwa ilipopimwa Oktoba, robo tatu walikutwa na kingamwili za chikungunya, yaani kinga ambayo mwili huunda ukishaambukizwa: sawa na watu 13,500 hivi kati ya wakazi 18,000. Na wala haukuwa mwaka wa mvua. Ulikuwa ukame. Maji yalipoadimika kila nyumba ilijaza mapipa na mitungi, na mbu wa Aedes, anayeuma mchana, akapata makao chumbani. Virusi vikavuka hadi Mombasa, Komoro, kisha Réunion.

Hiyo robo tatu ni mali kwetu watu wa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea. Modeli ya ugonjwa ni milinganyo tu: nani hajaambukizwa, nani anaugua, nani amepona na kupata kinga, na watu wanahama kundi kwa kasi gani. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliiandikia malaria milinganyo ya namna hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo kompyuta huongezea joto, mvua na safari za watu. Ukiipa modeli nyepesi kabisa ile asilimia 75, inajibu kwamba mwanzoni mgonjwa mmoja aliambukiza, kupitia mbu, pungufu kidogo ya watu wawili. Basi kukata karibu nusu ya maambukizi kungetosha kuuzima mlipuko. Si lazima ummalize kila mbu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu. Ni makadirio, maana modeli hiyo hudhani sote tunaumwa sawasawa, na anayeshinda nyumbani mchana kutwa atabisha.

Kwenye chanjo hesabu hizi zina kazi nyingine. Mlipuko huisha kabla watafiti hawajamaliza hata kuomba vibali vya kuijaribu. Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa kupima kingamwili, bila kusubiri kuona nani ataugua. Kwa modeli tunakisia majaribio yawekwe wapi, na lini.

Kwa hiyo mhudumu wa afya akibisha hodi na kuuliza pipa husuguliwa kila baada ya siku ngapi, si udaku. Kwa joto la pwani, yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi, na mayai yaliyoganda ukutani mwa pipa hustahimili ukavu miezi kadhaa. Kumwaga maji pekee hakuyaondoi. Kama ni mwezi, semeni mwezi. Tukijazwa “kila wiki” za kumridhisha mgeni, kompyuta itaona mbu wachache kuliko waliomo.