Dhana Potofu Kuhusu Somo la Mifumo ya Taarifa za Biashara, na Ukweli Wake

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara, uhasibu na ugavi hulikuta kwenye ratiba somo la utangulizi wa mifumo ya taarifa za biashara, na wengi wao huingia darasani wakiwa wamekwisha kulihukumu. Nimeongoza semina za somo hili kwa miaka kadhaa na ninalithamini sana, kwa hiyo huniuma kuona mwanafunzi mwenye uwezo akipoteza nusu ya muhula kwa sababu ya maneno aliyoyasikia kwa waliomtangulia. Dhana ninazokutana nazo mara nyingi ni hizi zifuatazo, na zile zinazoleta madhara makubwa nimezipa nafasi zaidi.

Dhana: Hili ni somo la kompyuta.

Ukweli ni kwamba kompyuta ni sehemu moja tu ya mfumo wa taarifa. Sehemu nyingine ni watu wanaoutumia, taratibu wanazozifuata, data zinazokusanywa na programu inayozichakata, na mfumo unaweza kufanya kazi vizuri bila mashine yoyote. Lichukue daftari la madeni la duka la mtaani. Muuzaji huandika tarehe, jina la mkopaji, bidhaa na bei. Mkopaji akilipa, mstari wake hukatwa. Mwisho wa mwezi mwenye duka hujumlisha mistari ambayo haijakatwa, akajua anawadai watu kiasi gani. Hapo kuna uingizaji wa data, uhifadhi, uchakataji na matokeo yanayomsaidia mtu kuamua kama aendelee kukopesha au asimamishe.

Daftari hilohilo linaonyesha pia jinsi mfumo unavyoharibika. Katika daftari moja tulilolisoma darasani kwa ridhaa ya mwenyewe, mteja mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna tatu katika kurasa mbili zilizofuatana: "mama wa saluni", "dada saluni" na "saluni ya kona". Kila muuzaji wa zamu alikuwa ameandika kama alivyomfahamu. Mwenye duka aliamini kwamba anawadai watu watatu deni dogo dogo, kumbe alikuwa akimdai mtu mmoja deni kubwa ambalo asingekubali kulifikisha hapo kama angeliona kwa ujumla. Daftari hilo likihamishiwa kwenye kompyuta lilivyo, mama yule ataendelea kuwa watu watatu. Tunapofundisha kwamba kila mteja katika hifadhidata, yaani hazina ya data iliyopangwa ndani ya kompyuta, awe na namba yake pekee ya utambulisho, tunatibu ugonjwa huu hasa.

Historia nayo inaunga mkono jambo hili. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara ilijengwa na J. Lyons and Co., kampuni ya Uingereza iliyosifika kwa keki na kwa migahawa yake ya chai. Iliitwa LEO, na mwezi Novemba 1951 ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya kampuni hiyo vya mikate na keki. Jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka ni kwamba tangu miaka ya 1930 kampuni hiyo ilikuwa na ofisi maalumu ya kuchunguza kazi za makarani wake: nani anajaza fomu ipi, fomu hiyo inakwenda wapi, na ipi ingeweza kuondolewa bila mtu kuikosa. Miaka michache baadaye LEO ilipewa pia kazi ya oda za migahawa. Kila siku msimamizi wa mgahawa alipigiwa simu, wala hakutakiwa kusoma orodha nzima ya mahitaji yake. Oda ya kawaida ya kila mgahawa ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa, kwa hiyo alitaja yaliyobadilika tu, na karani aliyekuwa akimsikiliza akayatoboa papo hapo kwenye kadi za kulishwa mashine. Wazo la kurekodi mabadiliko peke yake lilitoka kwa watu walioijua kazi ya mgahawa tangu asubuhi hadi jioni, na ningependa kila mwanafunzi wa biashara aone kwamba watu wa namna hiyo ndio yeye anayeandaliwa kuwa.

Dhana: Usipojua kuandika programu, utafeli.

Hapana. Somo la utangulizi halimtaki mwanafunzi aandike programu. Linamtaka aeleze kazi inavyotembea kwa uwazi wa kumwezesha mwandishi wa programu kuielewa bila kukisia. Hesabu zinazohitajika ni za kawaida. Kinachowaangusha wengi ni kushindwa kueleza kwa utaratibu jambo wanalolifanya kila siku.

Dhana: Biashara ikishanunua mfumo, matatizo yake yamekwisha.

Wakati fulani niliwapeleka wanafunzi kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi, ambalo mwenye nalo alikuwa amenunua programu ya mauzo na stoo kwa fedha nyingi, na sasa alitaka kuirudisha. Alitufungulia skrini kwa uchungu. Saruji ilionyeshwa kuwa na salio la mifuko hasi 36, yaani duka lilikuwa limeuza mifuko ambayo, kwa mujibu wa mfumo, haikuwahi kuwamo. Yeye alikuwa na hakika kwamba programu ni mbovu. Wanafunzi wakaufuata mzigo mmoja tangu lori lilipoegeshwa. Saruji ilikuwa ikishushwa jioni na kuanza kuuzwa asubuhi, lakini mtunza stoo alikuwa akingoja hati ya mzigo ipite ofisini kwa mhasibu kabla ya kuingiza idadi, na hati hiyo ilikuwa ikichukua siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo mauzo yaliingia kabla ya mapokezi. Programu ilikuwa ikijumlisha na kutoa sawasawa. Utaratibu ndio uliokuwa kinyume. Dawa yake ilikuwa mtunza stoo kuingiza idadi aliyoihesabu papo hapo langoni, na mhasibu kuilinganisha na hati baadaye, na haikuhitaji kununua kitu chochote kipya.

Dhana: Kompyuta haikosei.

Katika dhana zote, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa imekwisha kuwafunga watu wasio na hatia. Mwaka 1999 shirika la Posta la Uingereza lilianza kusambaza mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon kwa mawakala wake, watu wanaoendesha ofisi ndogo za posta, mara nyingi ndani ya maduka yao wenyewe. Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao mawakala hawakuweza kuueleza. Mkataba uliwabana waufidie, na wengi walitumia akiba zao, wengine wakakopa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, na ushahidi dhidi yao ulitegemea takwimu za mfumo huohuo. Mahakama za huko zilikuwa zikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi pale atakapopatikana wa kuonyesha kinyume, na wakala wa kijijini angeonyeshaje, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo hakuwa nazo?

Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu, kampuni iliyoitengeneza, waliweza kuzifikia na kuzibadilisha hesabu za wakala wakiwa mbali. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia ya watu kwa pamoja. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Ninapofika kwenye mada ya udhibiti wa ndani, ambayo wanafunzi huiona kavu, huwaeleza kisa hiki kwanza. Ndipo maswali ya mada hiyo yanapopata uzito: nani ana ruhusa ya kubadilisha rekodi, je, badiliko linaacha alama ya jina na saa, na mtu anayelaumiwa na mfumo ana njia gani ya kuukagua. Mhasibu atakayesaini ripoti zilizotolewa na mfumo anapaswa kuweza kuyajibu yote matatu.

Dhana: Ukijua Excel, umemaliza.

Lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta la safu na hesabu kama la Excel, ni chombo kizuri, na mhitimu asiyelimudu atapata taabu kazini. Lakini kila chombo kina mpaka wake. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa korona nchini Uingereza waliachwa nje ya takwimu za kila siku. Mamlaka ya afya ya umma ilikuwa ikiyapokea matokeo ya maabara na kuyaingiza kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao haupokei zaidi ya safu mlalo 65,536. Faili ilipojaa, yaliyozidi yalidondoka bila mfumo kutoa onyo ambalo mtu angeliona. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini majina yao yalichelewa kuwafikia wafuatiliaji, na kwa siku hizo watu waliokutana nao hawakutafutwa. Hifadhidata ya kimahusiano, yaani ile inayopanga data katika majedwali yanayohusishwa, ambayo msingi wake ulielezwa na Edgar Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970, ilikusudiwa kwa data nyingi zinazotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sababu somo haliishii kwenye lahajedwali.

Dhana: Data zikiwa nyingi, uamuzi unakuwa bora.

Mwenye duka anayepokea malipo kwa simu ana mamia ya ujumbe wa miamala kila mwezi, na kila ujumbe una namba ya kumbukumbu, kiasi, tarehe, saa na jina la aliyelipa. Muulize ni bidhaa gani iliyouzika zaidi mwezi uliopita. Ujumbe wote huo hauwezi kumjibu, kwa sababu unaeleza kwamba shilingi 18,500 zimeingia lakini hausemi kama zilikuwa za sukari au za sabuni. Data hugeuka kuwa taarifa pale zinapojibu swali la mtu anayetaka kuamua jambo, kwa hiyo swali lazima litangulie, na mfumo ukusanye kinachohitajika kulijibu. Kukusanya kupita hitaji kuna gharama ya kisheria pia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinambana mfanyabiashara anayedhani kwamba namba za simu za wateja wake ni mali yake ya kutumia apendavyo.

Dhana: Ni somo la kukariri.

Ni kweli kwamba vitabu vyake vimejaa maana za istilahi, na anayezikariri hupata alama kadhaa. Alama nyingi, hata hivyo, huwa katika swali la namna hii, ambalo hulitoa kila mwaka kwa sura tofauti: mteja amelipia mifuko kumi ya saruji kwa simu, amepewa risiti ya mashine ya kielektroniki, na ameondoka na mifuko minane akiahidiwa miwili kesho. Onyesha ni rekodi zipi zinabadilika leo, zipi zinasubiri kesho, na nani anaandika kila moja. Wengi huifunga stoo kwa kutoa mifuko kumi siku hiyohiyo, na asubuhi inayofuata mteja anaporudi, ile miwili inayomngoja inakuwa haimo popote katika mfumo wao.